Wembe Mwekundu wa Habaswein

Naikumbuka siku moja ambayo sabuni ilikataa kutoa povu. Nilizungusha brashi bakulini mpaka kifundo cha mkono kikauma, na nilichopata ni utando mweupe ulioganda kama maziwa yaliyochacha. Mbele yangu ameketi bwana harusi, shuka jipya begani. Nyuma yake vijana wenzake wanangoja zamu, wanacheka, wanapiga makofi. Nami badala ya kuuliza sabuni ina nini, nikashika wembe.

Mwanangu, nitakueleza yote, lakini kwanza uniwie radhi kwa hasira utakayoikuta humu. Nina daftari langu la kila siku, na kwa kawaida naandika mambo ya kawaida tu: nani kanyolewa, mvua imenyesha au imetudanganya, goti langu limeamkaje. Lakini wiki iliyopita mpwa wangu alijinyoa mara moja tu kwa wembe alionunua duka la jirani. Ukamkwaruza. Kabla povu halijamkauka kidevuni, alikuwa ameshajipiga video na kuituma kwenye kundi la simu: "Watu wa Garissa, msinunue kwa huyu, anauza feki!" Mara moja! Shavu moja! Nikasimama nimwite nimkaripie, kisha nikaketi tena. Nikajiuliza, wewe Bishar, una uso gani wa kumkaripia mtu kwa kosa hilo? Ndiyo maana naandika. Nimesoma mpaka darasa la sita, kwa hiyo ukikuta sentensi imepinda, inyooshe mwenyewe.

Nilikuwa kijana, kinyozi, na kibanda changu cha mabati kilikuwa karibu na soko la mifugo hapa Garissa. Nilinyoa kwa mashine ya chuma, ile ambayo ukizungusha mpini inafungua mdomo, unalaza wembe wa makali mawili ndani, unafunga. Wenzangu walinyoa kwa wembe wowote uliokuwa karibu. Mimi nilijiona fundi. Kila wembe mpya ulioingia mjini niliujaribu kwenye uso wangu mwenyewe na kuandika: umekata vipi asubuhi ya kwanza, umeanza kuvuta asubuhi ya ngapi, umeacha vipele au haukuacha. Majina ya viwanda sikuyashughulikia, nilizijua nyembe kwa rangi za pakiti. Wa kijani ulikuwa mwembamba mno, ulitetemeka ndani ya mashine. Wa bluu ndio uliokuwa mpenzi wangu, ulipita shavuni kama kidole kwenye samli. Wateja wakazoea kuniuliza, "Bishar, daftari linasema nini leo?" Nami nikavimba. Mtu akisifiwa sana kwa jambo dogo, kichwa chake huizidi kofia yake.

Miongoni mwa wateja alikuwa Adeer Gedi, mfanyabiashara wa ngamia kutoka Habaswein. Adeer kwetu ni ndugu wa baba, na hata asiyekuwa wa damu humwita mtu mzima hivyo kwa heshima. Alikuwa na ndevu za hina na maneno machache. Mwanawe Abdi alipokuwa anaoa, aliniambia, "Njoo umnyoe yeye na wenzake. Nataka watoke wanang'aa." Nikapanda lori, nimevaa koti langu zuri.

Pakiti zangu za bluu zilibaki Garissa, kwenye mfuko wa koti jingine. Hilo nililigundua asubuhi yenyewe ya harusi. Nikakimbilia stendi, kwenye meza ya Eeddo Sahara. Eeddo ni shangazi. Alikuwa mjane, na meza ile ndiyo iliyokuwa mume wake na shamba lake: sindano, nyuzi, betri, viberiti, chai ya kuuzia wasafiri, na nyembe za pakiti nyekundu ambazo pale hakuna mwingine aliyeziuza. Wembe mwekundu sikuwahi kuujaribu. Daftarini haukuwa na hata mstari mmoja. Nikachukua pakiti mbili na kurudi mbio.

Sasa turudi kwa bwana harusi. Wembe uligusa shavu, ukavuta. Nikabonyeza, ukakata. Ikatoka damu, mstari mrefu kutoka sikioni mpaka karibu na kidevu, na mwingine mfupi chini ya pua. Nikatoa wembe mwingine, mpya kabisa. Ukavuta vilevile. Nikapaka shabu kuzuia damu, Abdi akaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Dereva mmoja wa lori, mtu wa bara, alikuwa akipita pale, akachungulia akasema:

"Kinyozi, hii ni wembe ama ni panga? Huyu anaenda kuoa ama anatoka vitani?"

Vijana wakaangua kicheko. Mwanangu, aibu ile ilikuwa na joto lake, iliniunguza mpaka nyuma ya masikio. Ningeweza kusema, "Nimekosea mahali, ngojeni nitazame." Maneno manne tu. Sikuyasema. Niliinua pakiti nyekundu juu, kila mtu aione, nikapaza sauti:

"Si mkono wangu! Ni wembe wa Eeddo Sahara. Ni feki. Anayeupenda uso wake asiuguse!"

Na nikaongeza methali, kwa sababu mjinga akishika methali huiona ni ushahidi. Eeddo alikuwa na desturi ya kuzunguka na sinia lake kwenye malori yakisimama. Nikasema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hamumwoni anavyotembeza?"

Kicheko kikahama. Kilitoka kwangu kikaenda kwake, na nilikihisi kikihama, kama mzigo unaposhushwa mgongoni. Ulikuwa utamu mbaya sana. Mpaka leo nikiukumbuka nauchukia, na nauchukia zaidi kwa kuwa ulikuwa utamu.

Yule dereva aliondoka kwenda Wajir mchana ule. Wengine walishuka Garissa. Kila lori lilibeba abiria, mbuzi, na neno langu. Nilikaa Habaswein siku tatu za harusi, na kufikia ya tatu hakuna aliyesimama mezani kwa Eeddo. Wembe haukuguswa, na hata chai yake ililala kwenye birika. Nilimsikia mtu kwa masikio yangu akisema, "Kama nyembe ni feki, majani ya chai yatakuwaje?" Nilipopanda lori kurudi, Eeddo alinitazama. Mimi nikajifanya natafuta pa kuweka begi. Nilipofika nyumbani niliandika daftarini: "Nyekundu: mbaya sana," nikapiga mstari chini yake. Mstari huo bado upo. Nimeutazama leo asubuhi.

Baada ya wiki mbili hivi (tarehe sikuiandika, labda niliona haya) Adeer Gedi aliingia kibandani kwangu. Mkono mmoja ameshika jerikeni la maji, mwingine pakiti nyekundu. Akaketi, akavua kofia.

"Ninyoe kichwa, nusu kwa nusu," alisema.

"Adeer?"

"Upande wa kulia, wembe wako wa bluu na maji haya." Akalisukuma jerikeni kwa mguu. "Nimeyateka kisimani kwetu jana alfajiri. Upande wa kushoto, wembe wa Sahara na maji yako ya mto."

"Adeer, siwezi kukufanyia mzaha, wewe ni mtu mzima."

"Nani amezungumza mzaha? Mwanangu ndiye aliyeingia kwa mke wake na uso kama gunia lililoshonwa. Mwenye haki ya kukasirika ni mimi, na bado sijui nimkasirikie nani. Nyoa."

Nikamimina maji ya kisima bakulini. Sabuni ikaganda palepale, ule ule utando. Nikaweka wembe wa bluu, mpenzi wangu, mpya, nimeufungua mbele yake. Ukavuta. Nikaupeleka polepole, ukavuta. Juu ya sikio ukakata, damu ikashuka shingoni. Mzee hakutikisika, mikono iko magotini, macho yako mlangoni. Nikamwaga maji yale, nikachota ya mto kwenye pipa langu, yaliyokwisha kutuama. Povu likapanda likajaa bakuli. Wembe mwekundu ukapita kutoka utosini hadi kisogoni bila sauti, ukaacha kichwa laini kama ganda la yai.

Nikanyoosha mkono kuchukua shabu. Akanishika kifundo.

"Bado. Tazama kwanza. Feki ni upi?"

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Nje mbuzi walikuwa wanalia, watu wanabishana juu ya meno ya ngamia.

"Ni maji, Adeer."

"Maji yale yana chumvi tangu enzi ya babu yangu. Sahara ameyanywa maisha yake yote. Hakukuambia kitu alipokupa wembe?"

Hapa, mwanangu, pana neno nililokuficha tangu nianze. Unaona ugonjwa ulivyo? Miaka yote hii, na bado mwamba ngoma huvutia kwake. Asubuhi ile ya harusi, Eeddo aliponipa pakiti, alinipa na jerikeni dogo. Alisema, "Bishar, maji ya kisima na sabuni havipatani. Chukua haya ya mvua, niliyaweka kwa ajili ya chai." Nami nikamjibu, "Eeddo, unanifundisha kunyoa? Mimi ni kinyozi wa Garissa." Jerikeni nikaliacha mezani. Waswahili wanasema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mimi maji niliwekewa mkononi nikayarudisha.

"Aliniambia," nikasema.

Adeer Gedi hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga.

"Basi hukukosea," alisema. "Anayekosea ni asiyejua. Wewe ulijua pa kutazama, ukageuza shingo."

"Nitampelekea salamu za radhi, Adeer. Kuna lori la kesho."

"Ubaya wake uliusema umesimama, pakiti iko juu. Radhi unataka isafiri imekaa, kwenye mfuko wa dereva?"

Alisimama. Hakuniruhusu nipake shabu wala nifute damu. Akatoka kofia ikiwa mkononi, akapita katikati ya soko lote la mifugo, nusu ya kichwa inang'aa na nusu inavuja. Kila aliyemuuliza, "Gedi, umefanywa nini?" alimjibu, "Muulizeni kinyozi." Nao wakaja kuniuliza. Mmoja baada ya mwingine, mpaka alasiri. Ikanibidi nieleze kila mara, na kila mara nilitamani kufupisha, nikakumbuka lile neno lake kuhusu uso wa Abdi kama gunia, nikaanza mwanzo.

Siku ya pili nikapanda lori na jerikeni langu la maji ya mto. Meza ya Eeddo haikuwa stendi tena. Niliikuta nyuma ya nyumba yake, imebaki na nyuzi na sindano. Binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa kiume siku tano nyuma.

Nikasema, "Eeddo, nisamehe. Kosa lilikuwa langu."

"Waryaa, wewe kijana, hebu angalia nyuma yako," alinijibu. "Unaona nani?"

Nikageuka. "Simwoni mtu, Eeddo."

"Basi unaniomba radhi mbele ya kuku. Kunitukana ulinitukana mbele ya watu na malori." Akaifuta meza kwa kitambaa, ingawa haikuwa chafu. "Unajua wanawake wananiambia nini nikienda kuteka maji? 'Sahara, usije ukamnyoa mjukuu kwa nyembe zako, mtoto atabaki bila masikio.' Maneno yako nimeshayaona yanavyotembea, siyataki tena. Nataka mkono. Keshokutwa mtoto anatimiza siku saba, nywele zake zinatolewa. Utamnyoa wewe, kwa wembe wangu, mchana, mbele ya wote waliocheka."

"Na mama yake amekubali?"

"Amekubali. Yeye ana moyo kuliko mimi. Mimi ningekuchinja siku hiyo pamoja na mbuzi."

Mwanangu, nimenyoa watu wengi, lakini sijawahi kuogopa kama siku ile. Kichwa cha mtoto wa siku saba kinapumua pale utosini, unakiona kikipanda na kushuka. Maji ya mto niliyachemsha, nikayaacha yapoe mpaka vuguvugu. Wanawake walisimama upande mmoja, wanaume upande mwingine, wala hakuna aliyetania. Eeddo mwenyewe alimpakata mjukuu wake. Nikaifungua pakiti nyekundu mbele ya macho yao. Nikamlowesha mtoto, nikapaka povu, nikaanza kisogoni. Nywele zikaanguka juu ya kitambaa kama vumbi jeusi. Mtoto akapiga miayo, akalala. Hakutoka hata tone.

Nikainua pakiti kwa mkono uleule wa siku ile.

"Wembe ni huuhuu," nikasema. "Eeddo Sahara alinipa na maji ya kunyolea, nikayakataa kwa kiburi. Aliyemchana Abdi ni mimi."

Abdi akapaza sauti kutoka nyuma, "Na shavu langu nimdai nani sasa?" Watu wakacheka. Safari hii kicheko kilinijia mimi, na nikakiacha kikae.

Sasa niwe mwadilifu. Eeddo Sahara hakuwa malaika. Ulimi wake ulikuwa na makali kuliko bidhaa yake, na pakiti moja niliyonunua kwake baadaye ilikuwa na wembe wenye kutu. Nimeandika, na nilimwambia, akanibadilishia huku akinung'unika. Na nyembe zenyewe nilizipima upya, uso mmoja, sabuni moja, maji mamoja ya mto. Wa bluu ni mkali zaidi asubuhi ya kwanza, hilo sitalikana, lakini ukifika asubuhi ya nne unavuta. Mwekundu ni mpole, hauna haraka, nao unafika ya sita. Mwenye ndevu ngumu achukue wa bluu. Kwa kichwa, kwa mtoto, na kwa mtu wa ngozi laini, mwekundu. Huo ndio ukweli wa daftari, na tangu siku hiyo kila ukurasa una safu moja zaidi niliyoichora kwa rula: maji.

Meza ilirudi stendi. Wengine walirudi nayo kununua, wengine hawakurudi kamwe. Ningependa kuishia hapo, watu wakila nyama ya mbuzi na mtoto amelala. Lakini hasira yangu haitoki hapo.

Miaka mingi baadaye, Eeddo ameshatangulia mbele ya haki, nilikwenda Tarbaj, mbele ya Wajir, kwa mazishi ya jamaa. Nikaingia dukani kununua wembe. Nikaona pakiti nyekundu kwenye rafu, nikaomba. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea kaunta akanigusa bega, kwa wema kabisa, kama ndugu.

"Huo usichukue," akasema. "Ni ule wa Habaswein. Kuna mwanamke aliwauzia watu feki, ukamchana bwana harusi uso mzima."

"Mzee," nikamwambia, "aliyemchana ni mimi. Mimi ndiye kinyozi mwenyewe. Wembe ulikuwa mzuri."

Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akamgeukia mwenye duka, wakacheka wote wawili. "Wazee wa Garissa kwa uongo!" alisema. "Sasa hata kwenye harusi ya watu alikuwepo!"

Sikuaminiwa, mwanangu. Uongo wangu waliuamini bila kuuliza jina langu. Ukweli wangu niliusema nikiwa nimesimama mbele yao, mwenye kosa, mwenye mkono wenyewe, wakaucheka. Mwanamke yule yuko kaburini, na jina lake bado liko Tarbaj likitukanwa na watu wema. Nilitoka nikasimama juani mpaka wenzangu wakanifuata. Hasira ile sijaishusha bado. Najikasirikia mimi, kisha nawakasirikia wote wanaopenda kusikia fulani ni mwizi kuliko kusikia fulani ni mwaminifu.

Na hayo yalikwenda kwa lori, lori la kupasuka magurudumu na kulala njiani. La mpwa wangu limekwenda kwa simu. Kabla hajasuuza uso, limeshafika Bute, kule mpakani.

Kwa hiyo nakusihi. Kitu kikikukata, kabla hujakiita kibovu, uliza ulikitumia na maji gani, na mkono wa nani, na aliyekupa alikuambia nini ukapuuza. Ukitaka kulinganisha viwili, vipe uso mmoja na maji mamoja, na usiseme umejua kwa asubuhi moja. Ukikuta kweli ni kibovu, mwendee muuzaji kwanza, mwambie machoni. Huenda akanung'unika na kukubadilishia, kama Eeddo. Na ukishamchafua mtu, kamsafishe palepale ulipomchafulia, kwa sauti ileile, siku ileile kama unaweza, kwa maana maji yaliyomwagika hayazoleki, na yale ya siku ya pili yameshaingia ardhini. Mimi nilichelewa wiki mbili tu. Tazama zilivyokuwa ndefu.

Mpwa wangu nitamwita kesho. Nitamketisha kitini, nimnyoe kwa wembe uleule aliouita feki, kwa maji mazuri, shavu moja baada ya jingine. Ukivuta, nitasema umevuta na nitamwomba radhi. Usipovuta, tutakwenda pamoja kwa mwenye duka, na simu yake itakuja nasi.

Mwanangu, Mwenyezi Mungu aulainishe ulimi wako kabla haujagusa jina la mtu. Akupe majirani watakaokuambia habari za maji, na masikio ya kuwasikia. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akupe mzee wa kukuvulia kofia na kukupa kichwa chake umwage damu yake kidogo, ili uone. Amin.